Kusikiliza Sauti Moja kwa Saa Nzima

Kipande cha kwanza cha droni, muziki wa mvumo unaoshikiliwa bila kukatika, nilichotumiwa na rafiki yangu nilikisikiliza kwa spika ya simu, nikiwa nimeilaza mezani, na kwa dakika kumi na mbili sikusikia chochote isipokuwa mchakacho hafifu uliokuja na kupotea, kama mtu anayekokota mguu juu ya changarawe mahali pa mbali. Nilimwandikia kwamba faili lake limeharibika. Hakubishana nami, aliniuliza swali moja tu: "Umesikilizia nini?" Nilipomjibu kwamba nimesikilizia simu, alinishauri nitafute hedifoni zinazofunika sikio lote, nizime taa, kisha nianze upya. Nilifanya hivyo usiku uleule, zaidi kwa kumheshimu kuliko kwa kumwamini, na ndipo nilipogundua kwamba chini ya ule mchakacho kulikuwa na mvumo mzito, mpana, uliopanda na kushuka polepole kama kifua cha mtu aliyelala, na kwamba mvumo huo ndio uliokuwa kipande chenyewe.

Sababu yake ni ya kimaumbile, nami niliielewa baadaye. Sikio la mtu mwenye afya njema husikia masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde inayopimwa kwa hezi, ya kuanzia takriban hezi 20 hadi hezi 20,000, lakini spika ya simu ni ndogo mno kuweza kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito, kwa hiyo sehemu kubwa ya kilicho chini ya hezi mia mbili au mia tatu hupotea njiani. Wimbo wa kawaida huistahimili hasara hiyo, kwa kuwa sauti ya mwimbaji imo katikati ya masafa, na besi iliyokosekana ubongo huijazia kwa kuikisia kutokana na sauti zilizo juu yake. Droni haina mwimbaji wa kuinusuru. Ukiiondolea sauti nzito, umeiondolea mwili.

Ninaposema droni hapa sizungumzii ndege isiyo na rubani. Nazungumzia muziki unaojengwa juu ya sauti moja au chache zinazoshikiliwa kwa muda mrefu bila kukatika, ambamo mdundo na kiitikio havina kazi. Wazo lenyewe ni la kale sana, kwani tambura, ala ya nyuzi ya India, imekuwa ikivuma chini ya waimbaji kwa karne nyingi, lakini aliyeufanya mvumo uwe muziki kamili unaojitegemea, angalau kwa namna ninayoifuatilia mimi, ni Mmarekani La Monte Young, ambaye mwaka 1958 alitunga kazi ya ala tatu za nyuzi yenye noti ndefu kupita kiasi, na mwaka 1960 akaandika kipande chenye noti mbili tu, pamoja na agizo kwamba zishikiliwe kwa muda mrefu. Embienti, muziki jirani wa droni, ilipata jina lake miaka ya 1970 kwa Mwingereza Brian Eno, aliyetaka muziki ambao mtu anaweza kuusikiliza kwa makini au kuupuuza bila kuuharibu. Embienti ya giza ilizaliwa pale upole huo ulipokutana na muziki wa industrial wa miaka ya 1980, wenye kelele kama za viwandani. Lustmord, msanii kutoka Wales, alitoa mwaka 1990 albamu iliyotumia sauti zilizorekodiwa mapangoni, katika makaburi ya chini ya makanisa na katika machinjio, na wengi wa wanaofanya muziki huu leo wanamtaja yeye kama mlango walioingilia.

Mlango wangu ulikuwa Éliane Radigue, mtunzi wa Kifaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1932. Kwa miongo mitatu alifanya kazi zake nyumbani kwa sinthesaiza moja, ala ya kielektroniki, ya ARP 2500, ambayo aliitumia bila kibao chake cha vitufe, akizungusha vifundo vyake vidogo kwa kiasi kidogo mno na kurekodi kwenye utepe wa sumaku. Kazi yake kubwa juu ya kifo, aliyoianza baada ya kuingia katika Ubudha wa Kitibeti, ina sehemu tatu na huchukua karibu saa tatu. Nilianza na sehemu ya kwanza, ambayo ni ya saa nzima, na katika dakika tano za mwanzo niliangalia muda mara nne.

Nataka kukaa kidogo juu ya saa hiyo, kwa sababu mengi niliyojifunza yametoka humo. Mwanzoni akili hutafuta tukio: inasubiri ngoma iingie, mtu aanze kuimba, wimbo "uanze". Isipopata, hukasirika, na hasira hiyo ina nguvu kuliko nilivyotarajia. Nilihisi kama mtu aliyesimamishwa mlangoni bila sababu. Kisha, kama dakika ya kumi hivi, niliacha kusubiri, wala si kwa uamuzi wangu, na nikaanza kusikia kwamba ile sauti niliyoiita moja ilikuwa na tabaka. Juu kabisa palikuwa na uzi mwembamba unaong'aa. Chini yake palikuwa na kitu kinachozunguka. Katikati palikuwa na sauti iliyofanana na watu wanaoimba nyuma ya ukuta, ingawa hakuna mtu aliyeimba. Sauti nyingi za muziki hubeba juu yake sauti nyingine ndogondogo zenye masafa ambayo ni zidisho la masafa yake, na kwa kawaida tunazisikia zote kama rangi moja tu, kwa sababu noti hupita haraka. Inaposimama kwa muda mrefu, sikio linapata nafasi ya kuzitenganisha. Katika kusikiliza kwa mara ya tatu niliweza kuchagua tabaka moja na kulifuata, kama mtu afuataye uzi mmoja katika mkeka, na nilipolipoteza niliweza kulirudia.

Kilichonishangaza zaidi ni mabadiliko. Niliporuka kutoka dakika ya tano hadi dakika ya arobaini, nilikuta muziki mwingine kabisa, lakini nilipousikiliza mfululizo sikuweza kamwe kuonyesha mahali ulipobadilika. Nilirudia jaribio hilo mara kadhaa kwa kalamu na karatasi mkononi, nikiapa kwamba safari hii nitapanasa. Sikupanasa, na nikaiweka kalamu chini.

Baada ya miezi michache nilihamia kwenye spika za kawaida, na hapo ndipo nilipopata somo ambalo nalisimulia kila nikikutana na mtu anayeupenda muziki huu. Nilikuwa na kipande kimoja cha msanii asiyejulikana sana, kipande cha dakika 34, ambacho nilikipenda kwa ajili ya mapigo yake: mvumo ulikuwa ukivimba na kunywea kila baada ya sekunde mbili, kwa utaratibu uliokuwa ukinituliza mno. Usiku mmoja, katikati ya kipande, mapigo yakakoma. Mvumo uliendelea, lakini ukiwa bapa, kama maji yaliyotulia. Nilidhani spika imepata hitilafu. Nilirudisha nyuma, hali ikawa ileile. Nikasikiliza kwa hedifoni, mapigo hayakuwepo hata dakika ya kwanza. Kama robo saa baadaye yakarudi yenyewe kwenye spika, na safari hii nilisikia pia mlio mdogo wa kitu kinachowaka: jokofu.

Jokofu huwaka na kuzima lenyewe kadiri joto lake linavyohitaji, na kwa anayetumia umeme wa hezi 50, mota na transfoma huvuma kwa hezi 100 hivi, yaani mara mbili ya masafa ya umeme. Kipande changu kilikuwa na sauti iliyokaribia sana hapo. Sauti mbili zinapokaribiana bila kulingana, mawimbi yake huungana na kukinzana kwa zamu, na mtu husikia mapigo ambayo idadi yake kwa sekunde ni tofauti ya masafa hayo mawili. Tofauti ya nusu hezi inatoa pigo moja kila sekunde mbili. Kwa wiki nyingi, basi, nilichokipenda kilikuwa kimetungwa na watu wawili, msanii na mtengenezaji wa jokofu, na mahali pekee palipokuwa na kazi hiyo ilikuwa sebule yangu. Sikuona kwamba nilidanganywa. Niliona kwamba nilikuwa nikisikiliza kwa kweli bila kujua ni nini ninachokisikiliza.

Tangu hapo nilianza kutembea chumbani nikisikiliza. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita nane, na likigonga ukuta na kurudi, hujenga mahali palipo na nguvu na mahali palipo karibu kimya ndani ya chumba kilekile. Nikisimama karibu na ukuta wa nyuma, mvumo ulinishika tumboni. Nikisogea hatua mbili tatu mbele, ulitoweka, na sauti za juu zikajitokeza kama mawe pwani wakati wa maji kupwa. Nilijifunza kugeuza kichwa polepole, kuinama, kukaa sakafuni. Huko New York, La Monte Young na msanii mwenzake Marian Zazeela walijenga juu ya jambo hilihili chumba cha sauti na mwanga ambacho kimekuwapo katika mtaa wa Church tangu mwaka 1993: sauti humo hazibadiliki, ila msikilizaji anaposogea, kila anachosikia hubadilika. Sijawahi kukanyaga humo. Lakini nilipousoma mpango wake niliutambua mara moja, kwa kuwa nilikuwa nimeutembea kwa miguu yangu mwenyewe kati ya kochi na dirisha.

Kosa langu kubwa lilihusu sauti kubwa, nami nalieleza kwa uzito kwa sababu bado nalilipia. Mwaka 1933, watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio halizipimi sauti zote kwa mizani moja: sauti inapopunguzwa nguvu, masafa mazito hufifia kuliko ya katikati. Anayesikiliza droni kwa utulivu huhisi kwamba besi imepungua, na kishawishi cha kwanza ni kuongeza. Nilikuwa nimeanza pia kusikiliza tawi la magitaa ya umeme, ambamo bendi kama Sunn O))) zimejulikana kwa ukuta wa amplifaya jukwaani, na nikajiaminisha kwamba muziki huu hauna maana usipoutetemesha mwili. Niliongeza usiku baada ya usiku, kwa hedifoni, saa mbili mpaka tatu. Kwa kuwa hakuna kishindo wala mlio mkali wa kumwonya mtu, masikio yalichoka bila kulalamika. Asubuhi moja niliamka na mlio mwembamba katika sikio la kushoto ambao haukuondoka kwa siku mbili, na hata leo hurudi nikiwa nimechoka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda ulio salama hupungua kwa nusu. Sasa naweka kiwango kabla ya kipande kuanza, kisha sikigusi tena. Sikio likipewa dakika kumi na tano za kimya kabla ya kusikiliza, huipata besi lenyewe.

Kuhusu giza la muziki huu, nimeulizwa mara nyingi. Dada yangu mkubwa alinikuta siku moja nikisikiliza, akasimama mlangoni kwa muda, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, kuna msiba ambao hujaniambia?" Nilimwambia, "Hapana, dada, karibu ukae." Alikaa dakika chache, akasema inamfanya ahisi yuko ndani ya kitu kikubwa mno, akaondoka. Nadhani alieleza vizuri kuliko maandishi mengi niliyosoma. Mwangwi mrefu huuambia ubongo kwamba nafasi ni kubwa, na sauti nzito huuambia kwamba kinachotoa sauti ni kikubwa, kama radi au mtetemeko. Viwili hivyo vikikutana bila umbo la kuonekana, mtu hujiona mdogo. Kujiona mdogo huko kunaweza kuwa hofu au kunaweza kuwa pumziko. Mwaka 1988, mwanamuziki Mmarekani Pauline Oliveros na wenzake wawili walishuka katika tangi tupu la maji la chini ya ardhi kwenye ngome ya zamani katika jimbo la Washington, ambamo sauti huchukua sekunde 45 kufa, wakarekodi akodiani, tromboni na sauti za vinywa vyao. Humo mna giza la kweli, na bado rekodi ile ni miongoni mwa vitu vyenye upole kuliko vyote ninavyovimiliki.

Hata hivyo sitasema kwamba muziki huu ni dawa. Kulikuwa na kipindi cha kukosa usingizi ambapo ulinisaidia sana, kwa kuwa uliipa akili kitu cha kushika kisichodai jibu. Kulikuwa na kipindi kingine, cha majonzi, ambapo kila nilipouwasha ulinivuta chini zaidi, nami nikaendelea kwa wiki kadhaa kwa kuamini kwamba nauheshimu muziki kwa kuuvumilia. Ilinibidi niuache kwa miezi mitatu. Niliporudi, ulikuwa palepale.

Lazima niwazungumzie wanaoutengeneza. Tunaposema msanii andagraundi, mara nyingi tunamaanisha mtu ambaye bado "hajatoka", anayesubiri siku yake. Wengi wa wasanii ninaowasikiliza hawasubiri kutoka. Hutengeneza nakala 50 za kanda, wakaandika namba kwa mkono juu ya kila moja, wakaziuza kwa watu 50, wakaendelea na kazi inayofuata. Utaratibu mkubwa wa kutiririsha muziki haukujengwa kwa ajili yao: Spotify huhesabu usikilizaji mmoja pindi sekunde 30 zinapotimia, kwa hiyo kipande cha dakika arobaini kilichosikilizwa hadi mwisho kina thamani sawa na wimbo wa dakika mbili, na tangu mwaka 2024 kipande kisichofikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12 hakilipwi kabisa. Ndiyo maana wengi wao wako Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ambayo kwa kawaida hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na ambayo tangu Machi 2020 imekuwa na Ijumaa maalumu ambapo huacha kuchukua fungu lake. Ninanunua siku hizo, na ninapakua faili lisilobanwa ubora. Kununua kumenibadilisha kama msikilizaji, kwa maana kazi niliyoilipia siiachi dakika ya tatu.

Somo la kupakua lilinijia kwa uchungu. Nilikuwa na msanii mmoja ambaye albamu zake sita nilizisikiliza moja kwa moja mtandaoni kwa mwaka mzima, nikijiambia kwamba nitazinunua. Siku moja ukurasa wake ulikuwa umefutwa. Hakukuwa na tangazo, wala hakuna mahali pengine zilipokuwepo. Nimewauliza watu wengi, na nimepata kipande kimoja tu kati ya vile arobaini na kitu. Nakikumbuka kimojawapo cha vilivyopotea, chenye mvumo unaofanana na upepo ndani ya bomba la chuma, lakini kumbukumbu yangu inakifupisha kila mwaka. Sasa ni kama dakika moja tu, na ninajua kwamba kilikuwa cha nusu saa.

Kwa hiyo sasa nina kanda. Ninayoipenda kuliko zote ni namba 31 kati ya 50, ya dakika 30 kila upande, yenye jalada la karatasi ya kijivu lililokunjwa kwa mkono kiasi kwamba pembe moja haikulingana na nyingine. Nilimwandikia msanii nikimuuliza sauti ile ya upande wa pili imetoka wapi, ile inayofanana na mlango mkubwa unaofunguka bila kumaliza kufunguka. Alinijibu baada ya wiki tatu kwa sentensi nne. Ni lifti ya jengo analoishi, alisema. Aliirekodi usiku ikisimama katika ghorofa yake, kisha akaipunguza mwendo mara nane. Kila mwendo unapopungua kwa nusu, sauti hushuka oktava moja, yaani masafa yake huwa nusu, kwa hiyo ile lifti imeshuka oktava tatu, na sekunde tano za milango yake zimekuwa sekunde arobaini. Aliniambia pia kwamba lifti hiyo imeshabadilishwa, na mpya haina sauti.

Huwa naiweka kanda hiyo nikiwa nimemaliza kazi zote, kiwango kikiwa chini. Kwanza huja mchemko wa utepe wenyewe, ule ushhh mwembamba ambao zamani niliuona kuwa dosari, kisha mvumo unaingia chini yake bila mahali pa kuanzia, kisha milango inaanza kufunguka. Kwenye jikoni jokofu likiwaka, sauti yake hainisumbui. Nasogea kidogo kuelekea dirishani kusikia kama zitakutana, na mara nyingine zinakutana. Utepe ukifika mwisho, kitufe kinaruka juu kwa mlio mkavu, nami nakaa kidogo kabla ya kuwasha taa.